Mkopo, Ufadhili au VETA: Nani Analipa Kinachobaki Baada ya Ada?

Tangu serikali ifute ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, mzazi wa Lumuma, wilayani Kilosa, mwenye mtoto mwenye ulemavu hukutana na bei kamili ya elimu pale matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Hapo simu huanza kupigwa: ufadhili uko wapi, nani anatoa, fomu zinachukuliwa ofisi gani. Si swali baya, ila linawahi. Ada ya chuo kikuu cha umma kwa shahada nyingi iko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na kati ya gharama zote hiyo ndiyo rahisi kumpata wa kuilipa. Wanaorudi nyumbani mwaka wa kwanza wengi wao wanashindwa na mambo madogo madogo: mtu wa kumsomea asiyeona, bodaboda ya kila siku kutoka hosteli hadi darasani, betri za shimesikio, dawa za selimundu, nauli ya kwenda kliniki. Kwa hiyo nimezipima njia zote kwa swali moja: ada ikishalipwa, nani anabeba kilichobaki?

Tuanze na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa sababu hapo ndipo wengi wataangukia hata wakiwa na ndoto ya ufadhili. Kuomba ni shilingi 30,000, na hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Anayekuambia umtumie yeye kwenye simu yake ili "akusukumie" ni tapeli, hata kama ni mtu wa kijijini kwenu. Ulemavu wa mwombaji, au wa mzazi wake, ni miongoni mwa vigezo vinavyompa kipaumbele, sawa na uyatima na kuwa katika kaya inayosaidiwa na TASAF. Lakini kipaumbele hicho kina sharti: ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa.

Kwa mtu wa Lumuma, hilo lina maana ya safari ya Kilosa mjini. Ukienda, nenda na mafaili yote, usirudi mara mbili. Cheti cha kuzaliwa kwanza, maana lazima kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, na jina lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha kidato cha nne. Mtoto aliyeandikwa "Mwanaidi" huku na "Mwanahidi" kule atahangaika sana. Kisha mganga, kisha hakimu au wakili wa kugonga muhuri kwenye fomu. Sahihi ya serikali ya kijiji malizeni huko huko Lumuma kabla hamjaondoka. Na mbele ya mganga usikubali maneno ya jumla. "Ana matatizo ya macho" hayamsaidii mtoto. Omba iandikwe ni macho yote au moja, kwa kiwango gani, na anahitaji nini ili asome: maandishi makubwa, nukta nundu, msaidizi. Karatasi hiyo itatumika tena chuoni, na pengine tena kazini.

Sasa hesabu. Mchukue binti aliyesoma tahasusi ya sanaa ya HKL, haoni vizuri, amepata nafasi ya ualimu kwa ada ya milioni moja. Akipewa mkopo kamili, Bodi inalipa ada hiyo, inampa 200,000 za vitabu na viandikwa kwa mwaka, na bumu la chakula na malazi kwa 10,000 kwa siku. Siku 240 za masomo ni 2,400,000. Jumla ni 3,600,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 10,800,000.

Deni hilo linatisha likisomwa peke yake. Likipimwa na madeni mengine tunayoyajua, ni jepesi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Marejesho yanasubiri miezi 24 baada ya kuhitimu, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa mshahara wa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, na deni la binti yetu linaisha kwa miezi 90, yaani miaka saba na nusu, ukiacha ada ndogo ya uendeshaji. Mkopeshaji wa kausha damu mnadani hamkopeshi mtu milioni kumi kwa masharti hayo. Wasiwasi wangu ni kwa atakayekosa ajira. Aliyejiajiri hutakiwa kulipa kiasi kisichopungua 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu, ila sheria haimwandikii mtu barua ya ajira.

Tazama tena orodha ya vinavyolipwa. Shilingi 10,000 ni chakula na kitanda. Msaidizi hayumo. Bodaboda haimo. Na bumu la kwanza huja baada ya usajili, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo mkulima wa vitunguu wa Lumuma asiuze magunia yote mwezi wa sita akayamaliza kwenye sare na sherehe. Abakize ya wiki za mwanzo.

Ufadhili usiorudishwa ni mtamu zaidi, bila shaka, lakini ni mlango mwembamba. Samia Skolashipu, ulioanza 2022/23, unawachukua waliofaulu vizuri sana tahasusi za sayansi. Ni mpango mzuri, na hauwabagui wenye ulemavu kwa maandishi. Lakini wanafunzi wengi wasioona hupelekwa kwenye masomo ya sanaa tangu sekondari kwa kukosa maabara na michoro wanayoweza kuigusa. Wanatoka kwenye mbio hizo kabla hazijaanza. Kwa wenye ualbino, shirika la Under the Same Sun la Peter Ash limesomesha watoto wengi nchini. Inafaa kuliuliza, lakini usipange maisha juu yake kabla hujapata jibu la maandishi. Programu ya Mastercard Foundation, inayopitia vyuo kama Makerere kule Kampala na USIU-Africa kule Nairobi, inawataja wazi vijana wenye ulemavu kati ya inaowalenga na hulipa hadi gharama za kujikimu. Ushindani wake ni wa bara zima.

Ugunduzi wa kuumiza kidogo ni huu: nchini Uganda serikali hutenga nafasi 64 kila mwaka za wanafunzi wenye ulemavu wanaosomeshwa bure katika vyuo vikuu vya umma. Ni chache mno kwa nchi ile. Lakini ni idadi inayojulikana, na mzazi anajua anagombea nini. Kwetu kipaumbele kipo, lakini ni kipaumbele cha kukopa.

Neno kuhusu ile asilimia 2 ya halmashauri, kwa sababu watu wanaichanganya. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni ya mradi wa kuzalisha. Haisomeshi mtu. Mama anaweza kuitumia ile 4 ya wanawake kununua mashine ya kumwagilia, faida ikamsomesha mtoto. Hiyo ni njia ya mzunguko, lakini ni njia.

Wenye maradhi sugu wana shida nyingine. Vigezo vya mkopo vinataja ulemavu, na mwenye selimundu, kisukari au kifafa anaweza kupita katikati ya mistari: mgonjwa kweli, lakini hana fomu inayomtambua. Huyu anufaike kwanza na bima. Bima ya CHF iliyoboreshwa imekuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, karibu na bure, lakini imejengwa kwa zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kifurushi cha wanafunzi cha NHIF kimekuwa 50,400 kwa mwaka. Kwa anayelazwa mara mbili tatu kwa mwaka mbali na Morogoro, tofauti ya 20,400 ndiyo fedha bora kuliko zote zilizotajwa humu. Ila Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha vifurushi, kwa hiyo uliza bei na huduma za mwaka huo kabla ya kulipa.

Na si kila mtu anatakiwa kwenda chuo kikuu. VETA Mikumi iko wilayani humu humu, kando ya barabara kuu ya Zambia. Ada ya VETA kwa kozi ndefu imekuwa 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka, chini ya bei ya simu janja. Vifaa vya fani ndivyo vinavyouma, kwa hiyo omba orodha kabla ya kuchagua fani. Serikali pia ina vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, kama Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida. Huko mazingira yamejengwa kwa ajili yao, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumwona.

Kifaa kimoja ni cha bure na wengi wanakilipia. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu inazidi dola 600. Programu ya kusoma kioo cha kompyuta ya JAWS nayo ni mamia ya dola. Lakini NVDA, iliyobuniwa na vijana wawili wasioona wa Australia, haiuzwi, na simu ya Android ina TalkBack ndani yake. Kompyuta iliyotumika yenye NVDA inatosha kumaliza shahada ya sanaa.

Kwa anayetoka Lumuma, uchaguzi wangu ni huu: omba mkopo mwaka huo huo hata kama unasubiri jibu la ufadhili, kisha chagua chuo kwa kile kilichopo kwa mwenye ulemavu, si kwa ada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimejengwa juu ya elimu maalumu. Chuo Kikuu Huria kina kituo Morogoro, na kinamfaa asiyeweza kukaa darasani kila siku, mradi mtandao wa kwenu unashika. Kabla ya kubonyeza "thibitisha" kukubali nafasi uliyopewa, mpigie mshauri wa wanafunzi wa chuo hicho umuulize mambo matatu: mko na wakalimani wa lugha ya alama au wasomaji wangapi, nani anawalipa, na chumba cha chini kinatolewa kwa maombi ya lini. Akibabaika kwenye la pili, piga chuo kinachofuata.