Galaksi za Adesi: Umbo Moja, Historia Nyingi

Makala hii inalipa deni. Likizo iliyopita niliwaonyesha vijana wa parokia yetu mchoro maarufu wa galaksi, unaofanana na uma wa meno mawili. Kwenye mpini zimepangwa galaksi duaradufu. Kwenye meno, galaksi za msokoto zenye mikono, kama Njia Nyeupe tunamoishi. Pale mpini unapokutana na meno pana kundi liitwalo S0. Kijana mmoja akauliza, "Frateri, kwa hiyo galaksi huzaliwa kushoto, ikakua kuelekea kulia?" Nikajibu ndiyo. Nilikosea.

Mchoro huo uko katika kitabu cha Edwin Hubble cha mwaka 1936. Aina za kushoto aliziita "za mwanzo" na za kulia "za baadaye", lakini alikwisha kuonya kwamba majina hayo yanataja nafasi katika mpangilio, si umri. S0 yenyewe wakati ule ilikuwa zaidi ya kukisiwa kuliko kuonekana.

Leo tunazijua nyingi. Wanaastronomia huziita galaksi za umbo la lenzi, na tuliosoma Kilatini tunakumbuka kwamba "lens" ni adesi, ile punje bapa iliyovimba katikati. Mfano mzuri ni NGC 3115, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 30. Ina sahani ya nyota kama galaksi ya msokoto, lakini haina mikono. Kitovu chake ni kikubwa, gesi baridi ni haba mno, na nyota zake nyingi ni za kale, zenye rangi ya manjano na nyekundu.

Basi gesi ilikwenda wapi? Hilo ndilo swali lenyewe, kwa kuwa nyota huzaliwa kutokana na gesi. Nyota kubwa za buluu zinazong'arisha mikono huishi mamilioni machache tu ya miaka. Gesi ikiisha, hazipati warithi. Mikono hufifia, na sahani hubaki na nyota ndogo za maisha marefu.

Njia ya kwanza ya kuipoteza ni upepo. Mwendesha bodaboda hupigwa na upepo hata siku iliyotulia, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda. Katika makundi makubwa ya galaksi, nafasi iliyo kati yake imejaa gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Galaksi inayoipita kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde huporwa gesi yake, kama walivyoeleza Gunn na Gott mwaka 1972. Galaksi ESO 137-001 inaonekana ikiporwa hivyo, ikiburuta mkia mrefu wa gesi.

Njia ya pili ni ya polepole: galaksi hukatiwa gesi mpya kutoka nje. Ni kama familia inayokula akiba ya ghala bila kuvuna tena.

Ushahidi upo. Mwaka 1980 Alan Dressler alionyesha kwamba S0 huongezeka pale galaksi zinaposongamana, na za msokoto hupungua. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitazama makundi ya mbali, ambayo nuru yake ilisafiri takriban miaka bilioni 5. Humo S0 zilikuwa chache na za msokoto nyingi zaidi. Kumbe mabadiliko yalikwenda kinyume na jibu langu: nyingi zilikuwa za msokoto kwanza.

Hata hivyo, kufifia hakutoshi kueleza yote. S0 nyingine zinaishi mbali na makundi makubwa, na vitovu vya nyingi ni vikubwa kuliko vile ambavyo galaksi ya msokoto ingebaki navyo ikizimika tu. Hapo huingia njia ya tatu: kuungana. Galaksi ikimeza ndogo, kitovu hunenepa, na sahani yaweza kusalimika au kujijenga upya.

Sisi wanafunzi wa Aristotle tunafundishwa kutenganisha sababu ya umbo na sababu tendaji. Mimi niliona umbo katika mchoro nikadhani nimeona historia. Galaksi mbili zinaweza kufanana kama punje za adesi, kumbe moja iliporwa na nyingine ilimeza jirani. Likizo ijayo nitaanza kwa kumjibu upya yule kijana.