Injini Inapogonga Tik-Tik: Dereva Asikilize Nini na Aandike Nini



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mishahara, likizo na mikataba. Leo tunataka kuzungumza juu ya sauti ndogo ya injini, ile tik-tik-tik ambayo madereva wetu huisikia asubuhi gari linapowashwa. Wengine watauliza: hiyo si kazi ya makanika? Chama kinaingiaje hapo? Jibu letu ni kwamba sauti hiyo ilikaribia kumla mwenzetu mshahara wa miezi mingi. Hebu tueleze.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2021 tulipigiwa simu na mjumbe wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha chai. Dereva wa Daihatsu iliyokuwa ikibeba majani mabichi kutoka mashambani alikuwa ameitwa ofisini. Injini ilikuwa imekwama mlimani, majani yakapata joto ndani ya magunia na kuharibika. Uongozi ukataka gharama ya injini ikatwe kidogo kidogo katika mshahara wake.

Dereva alisema: "Nilimwambia msimamizi mara tatu kwamba moteri inagonga. Akaniambia, wewe endesha, majani yanaoza." Msimamizi naye alisema hakuambiwa neno lolote. Karatasi haikuwepo hata moja. Lilikuwa neno la mkubwa dhidi ya neno la mdogo, na sote tunajua neno la nani huwa zito.

Gari lilivutwa mpaka gereji moja ya Gatsata, hapa Kigali. Tuliomba injini isifunguliwe mpaka pande zote ziwepo, na uongozi ukakubali. Fundi alipotoa kifuniko cha juu tuliona wote kwamba kamshafti imekwaruzika vibaya. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, na oili haikufika hata alama ya chini. Akasema, "Hii imekufa kwa kiu."

Basi tukauliza swali moja tu: oili ya gari hili hutoka wapi? Hutoka stoo ya kiwanda, kwa saini. Daftari la stoo lilipoletwa, lilionyesha kwamba kwa zaidi ya miezi minne gari lile halikupewa oili hata lita moja, na kwamba ombi la oili lazima lisainiwe na msimamizi. Makato yalifutwa siku ile ile, bila kwenda kwa mkaguzi wa kazi. Lakini dereva alipewa barua ya onyo, kwa sababu kupima oili kila asubuhi ni sehemu ya kazi yake na hakuwa akipima. Hatukuona haya kumwambia kwamba onyo hilo lilikuwa la haki.

SAUTI HIYO INATOKA WAPI?

Injini hupumua kwa valvu, ambazo mafundi wengi wa Kigali huziita supapu. Valvu moja huingiza hewa katika silinda, nyingine hutoa moshi. Kamshafti ndiyo inayozifungua, na springi huzifunga. Kati ya kinachosukuma na valvu yenyewe, katika injini nyingi, huachwa nafasi ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi hiyo ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwa mfano 0.20 kwa valvu ya kuingiza hewa na 0.30 au zaidi kwa valvu ya moshi, maana hii ndiyo inayopata moto zaidi. Kila injini ina kipimo chake katika kitabu chake, na injini nyingine zina vifaa vinavyojirekebisha vyenyewe kwa nguvu ya oili.

Nafasi ikizidi, chuma hugonga chuma. Hiyo ndiyo tik-tik. Na oili ikipungua au ikizeeka, huko juu ndiko kunakoumia mapema, kwa sababu oili hukaa chini katika sampu na pampu huipandisha. Juu hufika mwisho. Ndiyo maana injini hulalamika kwanza kichwani.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Kwanza, pima oili kabla ya jambo lolote. Simamisha gari mahali tambarare. Kigali yetu ni milima mitupu, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko litakudanganya. Zima injini, ngoja dakika chache oili ishuke, futa kijiti, kirudishe, kisha kichomoe usome. Kama taa nyekundu ya oili inawaka injini ikiwa inazunguka, zima papo hapo. Usiseme utafika tu gereji.

Pili, angalia sauti inakuja lini. Ikigonga sekunde chache asubuhi kisha ikanyamaza, huenda oili ilikuwa bado haijafika juu. Ikigonga wakati wa baridi na kupungua injini ikipata moto, chunguza pia pale bomba la moshi linapoungana na injini. Moshi unaovuja hapo hutoa sauti inayofanana sana na valvu, na alama yake ni masizi meusi kwenye maungio. Chuma kikitanuka kwa joto, ufa hujiziba na sauti hupotea. Wengi wamelipia kazi ya valvu kumbe ni gasketi ya bomba.

Tatu, hesabu mwendo wake. Kamshafti huzunguka mara moja wakati kranki inazunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye sailensa, mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja hugonga mara 400, yaani karibu mara saba kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta, tik-tik nayo huongeza mwendo.

Nne, tafuta mahali. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha juu ya kifuniko cha valvu na mpini karibu na sikio, au tumia kipande cha mpira wa maji. Jiepushe na feni na mikanda, na usivae nguo inayoning'inia. Sauti ya valvu huwa nyepesi na iko juu. Katika magari ya petroli ya siku hizi, nozeli nazo hulia tik-tik nyepesi, na mara nyingi hiyo si ugonjwa.

Tano, sikiliza gari likiwa na mzigo mlimani. Kama sauti ni nzito, ngo-ngo-ngo, inatoka chini na inazidi gari linapovuta, hiyo huenda ni beringi ya konrodi. Hapo hakuna safari tena. Gari livutwe.

ONYO JUU YA UKIMYA

Kuna fundi ambaye, akiletewa gari linalogonga, hukaza kila valvu mpaka kelele iishe. Mwenye gari hufurahi na kulipa. Lakini valvu iliyokazwa kupita kipimo haifungi vizuri injini ikipata moto. Moto wa silinda hupita pembeni yake na kuiunguza, na valvu ya moshi ndiyo hufa kwanza. Injini hiyo haipigi kelele kabla ya kuharibika; hupoteza nguvu tu, mpaka siku moja inashindwa kupanda. Kwa hiyo mwombe fundi apime kwa kipimo cha majani ya chuma, injini ikiwa baridi au moto kama kitabu chake kinavyosema. Asikaze kwa masikio.

Jambo hili tunalijua hata nje ya gereji. Kuna wasimamizi wanaodhani kiwanda kisichokuwa na malalamiko ni kiwanda kizuri. Pengine watu wamekazwa tu.

ANDIKA

Ndugu madereva, na ninyi wenzetu wa jenereta, wa foklifti na wa pampu za vituo vya kahawa: sauti mliyoisikia bila kuandika, mbele ya meza ya meneja ni sawa na sauti isiyokuwepo. Andikeni mambo matano: tarehe, kilomita au saa za mashine, kiasi cha oili, sauti inatoka wapi na inakuja lini, na jina la mtu mliyemwambia. Mwombe asaini. Akikataa, andika kwamba amekataa, kisha mpe nakala mjumbe wa wafanyakazi. Anayeona kuandika ni kazi ngumu amwombe mwenzake, si aibu.

Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018, ya tarehe 30 Agosti 2018, inaweka njia: mgogoro wa mfanyakazi huzungumzwa kwanza kwa suluhu kupitia wajumbe wa wafanyakazi, ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi, na baada yake mahakamani. Katika ngazi zote hizo, mwenye daftari ndiye anayesikilizwa.

Kwenye kiwanda kile sasa kila gari lina daftari lake, na oili hutolewa stoo kwa ombi la dereva mwenyewe. Yule dereva bado anaendesha. Tulipomtembelea mara ya mwisho tulimkuta alfajiri, boneti iko juu, kijiti mkononi na kalamu nyuma ya sikio. Wachumaji walikuwa wanamsubiri, naye hakuwa na haraka.

Wafanyakazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na aliyeuona ufa aandike siku aliyouona. Umoja ni nguvu.