Msitu Ulioungua Kilimanjaro na Maji ya Mashamba Yetu



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi vilivyo chini ya mlima, swali moja huulizwa mara kwa mara: je, yafaa chama kitenge fedha za miche ili wanachama wakapande mahali palipoungua ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro? Nia ya swali hilo ni njema. Hata hivyo, kabla fedha za wanachama hazijatoka sandukuni, ni lazima tuelewe jinsi msitu wa mlimani unavyoharibika na jinsi unavyorejea.

Moto unaokumbukwa zaidi ulianza tarehe 11 Oktoba 2020 huko Whona, baina ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa zilieleza kwamba chanzo kilikuwa moto wa kupashia chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na eneo lililoathirika lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 95.5. Mwezi Oktoba 2022 moto mwingine ulizuka karibu na kituo cha Karanga.

Msitu ni tangi

Wengi hudhani kuwa mito yetu huishi kwa theluji ya Kibo. Sivyo. Barafu huchangia sehemu ndogo sana ya maji. Sehemu kubwa hutoka katika ukanda wa msitu. Huko juu, miti ya erika yenye majani membamba hukinga ukungu unaopita, nao ukungu hugeuka matone yanayodondoka chini. Kuvumwani na sifongo za mimea zilizofunika magogo huyanywa maji hayo, kisha huyaachia polepole ardhini. Moto ukiondoa kifuniko hicho, ukungu hupita bure, na mvua huteremka kwa kasi ikibeba udongo. Wataalamu walikadiria kwamba katika miongo mitatu hivi tangu mwaka 1976, moto uliangamiza karibu kilomita za mraba 150 za misitu ya mlima huo. Nao waliona kuwa hasara hiyo ni nzito kwa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu. Mfongo ukikauka, migomba hunyauka, na mashine ya kumenyea kahawa hukosa maji ya kuoshea.

Jinsi msitu unavyorejea

Erika nyingi zilizoungua huchipua tena kutoka kwenye mashina yaliyobaki ardhini. Mbegu nazo huletwa na upepo na ndege kutoka misitu iliyosalimika. Lakini kazi hiyo ni ya miaka mingi, maana juu kuna baridi na mimea hukua taratibu. Adui mkubwa wa msitu unaochipua ni moto wa pili. Moto ukirudi kabla miti haijakomaa, msitu hugeuka kichaka, na kichaka hugeuka nyasi, ambazo huwaka kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: chama kisipeleke miche mlimani kwa uamuzi wake chenyewe. Upandaji ndani ya Hifadhi ni kazi ya wenye mamlaka, nao ndio wanaojua mahali panapohitaji mkono wa binadamu. Mkaratusi au mgrivilea, ambao una faida yake shambani, si mti wa kupelekwa huko.

Kazi ya chama cha msingi

Kwanza, chama kianzishe kitalu kwa ajili ya mashamba ya wanachama, ili kuni, nguzo na mbao zipatikane nyumbani na haja ya kuingia msituni ipungue.

Pili, warina asali wahimizwe kufuga nyuki katika mizinga ya shambani na kutumia bomba la moshi badala ya mwenge, kwani mienge ya kurinia asali imewahi kuwasha moto mlimani.

Tatu, chama kiandikishe kikosi cha kujitolea, na katibu aweke orodha ya majina na vifaa. Kikosi kikubaliane na askari wa Hifadhi juu ya namna ya kutoa taarifa na kuitwa. Mtu asipande kuzima moto bila kiongozi.

Nne, matumizi yote hayo yapitishwe na mkutano mkuu na kuandikwa katika kumbukumbu. Ajenda hiyo iwekwe kabla ya Julai, kwani kuanzia mwezi huo hadi Oktoba nyasi za juu hukauka, na kikosi kisichoandaliwa mapema hakitafaa moto ukishawaka.