Madaftari yanayouzwa kwa jina la mwingine

Mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, madaftari 500 yalirudishwa kwenye atelie ya vijana tunaowasindikiza. Karatasi ilikuwa nzuri, jalada lilipendeza, lakini namba ya simu ya duka ilikosewa tarakimu moja. Mwenye duka alikataa kuyapokea. Vijana walikuwa wamekwisha kutumia avansi yake kwa kununua karatasi na wino. Nani alikosa? Kila upande ulimwonyesha mwenzake kidole, maana hakuna aliyetia saini mahali popote. Hasara ilibaki kwa vijana, na sisi tuliowatia moyo kuianza kazi hiyo tulikaa nao siku mbili tukibandua majalada na kushona mapya.

Tunaandika haya kwa sababu katika makanisa yetu kuna vijana wengi wenye kompyuta moja na kipawa cha kuchora, nao wanatuuliza kama kazi hii inaweza kulisha nyumba. Inaweza. Lakini wengi wanaiona ni kazi ya kuchora tu, kumbe nusu yake ni hesabu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Atelie ya namna hii haimuuzii mwanafunzi kaye moja moja. Inachora na kutengeneza madaftari, ajenda, kadi na bahasha kwa ajili ya duka au kampuni inayouza kwa jina lake. Kwa hiyo wateja ni wachache na kila mmoja ni mzito. Akiondoka mmoja, mwezi mzima unayumba.

Tuchukue mfano. Mteja anataka madaftari 500 ya ukubwa wa A5, kila moja kurasa 96. Kurasa 96 ni majani 48 ya A5, nayo yanatoka katika karatasi 24 za A4 zilizokunjwa katikati. Mara 500, ni karatasi 12.000, yaani rimu 24. Karatasi ya gramu 80 ina kilo 2,5 kwa rimu, basi huo ni mzigo wa kilo 60 kabla ya kuongeza majalada. Ongeza karatasi zitakazoharibika, kwani mashine haikosi kumeza na kukunja. Sisi tunahesabu 5 kwa mia. Kijana asiyefanya hesabu hii kabla ya kutaja bei ataifanya baadaye, akiwa na deni.

Na bei haiishi kwenye karatasi na wino. Kuna mafuta ya jenereta umeme ukikatika, motari anayebeba mzigo, kisu cha kukatia kinachopoteza makali, na saa za yule anayekunja. Vijana wetu walikuwa hawazihesabu saa zao hata kidogo. Walisema, sisi wenyewe tunafanya. Ndiyo, na ninyi wenyewe mnakula!

Kuna mambo ya ufundi ambayo mteja hayaoni mpaka yameharibika. Karatasi ina nyuzi, nazo zinaelekea upande mmoja. Jalada likikunjwa kinyume cha nyuzi, linapasuka mgongoni. Karatasi 24 zikikunjwa pamoja, zile za katikati zinatokeza nje, kwa sababu hiyo daftari linakatwa kingo baada ya kupigwa pini, si kabla. Rangi ya chini inayofika ukingoni ichorwe ipite milimita 3 nje ya mstari wa kukata, la sivyo utabaki ukanda mweupe. Tena kioo cha kompyuta kinaonyesha rangi kwa mwanga, lakini mashine inachapa kwa wino wa aina nne. Kijani kinachong'aa kwenye kioo kitatoka kimefifia, hata mashine iwe nzuri namna gani. Mteja aonyeshwe karatasi iliyochapwa, asionyeshwe picha kwenye simu.

Hapo ndipo inapoingia ile karatasi ambayo maimprimeri makubwa huiita bon à tirer. Ni nakala moja ya mwisho. Mteja anaisoma, anaangalia majina, namba na rangi, kisha anaandika tarehe na kutia saini. Baada ya saini, kosa lililobaki katika nakala ile ni lake. Kabla ya saini, ni la atelie. Kama tungekuwa nayo mwezi ule wa nane, tusingelala pale.

Kuhusu avansi, tulijifunza kwa uchungu. Nusu ya bei inalipwa kabla ya kazi, na hiyo ni sawa. Lakini avansi ya mteja wa pili isimalizie kazi ya mteja wa kwanza. Ukianza hivyo, unahitaji mteja wa tatu ili umtumikie wa pili, na siku asipokuja, wote wanakuja mlangoni pamoja. Vijana sasa wana bahasha moja kwa kila komandi. Msiba ukitokea katika familia, wanachanga kutoka mishahara yao, si kutoka bahasha.

Mchoro nao una bei yake, mbali na uchapaji. Mteja akichukua mchoro na kuupeleka kwingine penye bei nafuu, awe ameulipia. Tena serikali: nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake zinamruhusu mwenye kazi ndogo kujitangaza tu kwenye registre ya biashara, bila kujiandikisha kama kampuni, mradi aandike kila siku pesa iliyoingia na iliyotoka. Daftari la hesabu wanalo. Wanajitengenezea wenyewe.

Limebaki jambo ambalo si rahisi kwetu kulisema. Vijana walipotufungulia kitabu cha madeni, wadeni wa zamani kuliko wote hawakuwa wenye maduka. Yalikuwa makanisa: kadi za ndoa, programu za kwaya, vitabu vya risiti za sadaka. Tuliagiza kwa jina la Bwana, tukapokea, tukanyamaza. Parokia yetu ilikuwa ya pili katika orodha. Mhazini ameanza kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na kalenda za mwaka mpya hatutaziagiza mpaka deni liishe.