Mwachieni Mtoto Atunge

Mgeni rasmi akitarajiwa shuleni, mwalimu mmoja hukesha akitunga ngonjera. Watoto huikariri, husimama safu mbili wakielekeana, hughani kwa sauti na mikono, na wageni hupiga makofi. Nimezitunga nyingi hapa Mtama, mkoani Lindi, na bado nazipenda. Mshairi Mathias Mnyampala aliziendeleza ngonjera zikawa silaha ya kufundishia, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alipowaomba washairi walifikishe Azimio la Arusha kwa wananchi, chama chao cha UKUTA kiliitika kwa nguvu zote. Lakini katika kazi yote hiyo mtoto ni msemaji tu, maneno ni ya mkubwa. Mtihani nao humuuliza shairi lina beti ngapi na vina vyake ni vipi. Anaweza kupata yote na akamaliza darasa la 7 hajawahi kutunga hata mshororo mmoja.

Nami nasema anaweza kutunga tangu darasa la 4, na hapa kwetu anaanza akiwa na mtaji. Ametega na kutegua vitendawili kwa bibi yake. Amesikia nyimbo za ngoma, za jando na unyago, kabla hajajua kushika kalamu. Mapigo anayo mwilini.

Kwa hiyo sianzi na ubao, naanza na makofi. Kila silabi kofi moja. Tunapiga majina yetu kwanza, kisha jina la mji: M-ta-ma, makofi matatu. Hapo darasa hugawanyika, maana wapo wanaosema ni mawili. Nawaacha wabishane mpaka wasikie wenyewe kwamba hiyo “m” imesimama peke yake, ni mizani kamili, wakati “Mwera” ina mbili tu. Ubishi huo una faida kuliko somo zima la kunakili kanuni.

Halafu tunatafuta kipande cha mizani 8. Msimu wa korosho sihangaiki kutafuta mada. Kipande cha kwanza ninakitoa mimi: “Korosho zimedondoka”. Tunakipiga makofi, kinatimia. Nani atakijibu kwa mizani 8 nyingine? Majibu huja kwa fujo, mengine marefu, mengine mafupi, tunapunguza na kuongeza hadi ubaoni pabaki mishororo kama hii:

Korosho zimedondoka, bibi yu mkoroshoni,
Wingu jeusi lafika, gunia li barazani.

Sasa ndipo nawaonyesha kwamba “ka” na “ni” zimejipanga katikati na mwishoni, na kwamba hivyo ndivyo vina. Kanuni inakuja ikiwa imeshatendwa. Amri Abedi alizieleza sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na mwalimu anapaswa kuzijua, ila asimtwishe mtoto zote siku moja.

Mbinu nyingine nimeikopa mbali. Mwaka 1968, uleule wa ombi la Nyerere, mshairi Kenneth Koch alianza kufundisha watoto wa shule moja ya msingi ya New York. Aliwapa mwanzo mmoja, “natamani”, kila mtoto akaumalizia kwa lake, na mwaka 1970 akachapisha kitabu kiitwacho Wishes, Lies, and Dreams. Mbinu hiyo naitumia sana, hasa kwa “ningekuwa”. Mtoto mkimya kuliko wote hupata pa kuingilia. Koch hakutaka watoto wafukuzie vina, kwa kuwa Kiingereza kiliwabana. Hilo silifuati. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, viambishi navyo hujirudia, kwa hiyo kina kwetu hakisumbui. Hatari ni urahisi wake: mtoto akigundua “-ni” ataweka kila kitu nyumbani, shambani, sokoni. Hapo namuuliza, huko sokoni uliona nini?

Swali hilo ndilo kazi yangu kubwa. Wakiachwa bila kuulizwa, wataandika “elimu ni ufunguo”, kwa sababu ndivyo walivyozoea kusikia mashairi yakisema. Nataka harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mkorosho, mizani ya mnunuzi wa kangomba anayenunua korosho kwa magendo, gari la Masasi lililopita bila kusimama. Mtoto akikosa neno la Kiswahili, aliseme kwa Kimwera au Kimakonde, tulitafute pamoja. Tahajia nasahihisha baadaye, pembeni, kwa penseli. Kalamu nyekundu juu ya shairi la kwanza humfunga mtoto mdomo.

Muhula ujao tunaingia kwenye utenzi. Mshororo wake ni mizani 8 tu, unamfaa mtoto, na unabeba hadithi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi vita vya Maji Maji, ukachapishwa kuwa kitabu mwaka 1957. Hapa jirani yetu, Nyangao, misheni ilishambuliwa katika vita hivyo mwaka 1905. Nimewaagiza watoto wawaulize babu na bibi zao walisimuliwa nini na wazazi wao, waje na jambo moja moja, hata dogo. Ubeti mmoja kila mtoto, tutaupanga pamoja ukutani.