Kisiwa Kilichoinuka Kutoka Kilindini

Leo twawaalika tusafiri pamoja, kwa mawazo tu, mpaka kisiwa ambacho wengi wetu hatutakikanyaga kamwe. Chaitwa Macquarie. Kiko katika bahari ya kusini, yapata kilomita 1,500 kutoka Tasmania, karibu nusu ya njia ya kwenda bara la barafu. Urefu wake ni kilomita 34, na upana kama kilomita 5. Hakuna mti hata mmoja. Upepo hauachi kuvuma, na kwa siku zaidi ya 300 kila mwaka hunyesha mvua au theluji.

Basi kuna nini huko hata tukizungumzie? Tuanze na mawe. Visiwa vingi vya mbali baharini vilijengwa na volkano. Macquarie si hivyo. Hicho ni sakafu ya bahari yenyewe, iliyoinuliwa. Vipande viwili vikubwa vya ganda la dunia vyasukumana mahali hapo, na kilichokuwa kilindini kikabanwa na kupandishwa polepole sana, mpaka kikachomoza juu ya maji. Huko yaonekana mawe ya mviringo kama mito ya kulalia, yaliyoganda wakati mawe ya moto yalipokutana na maji baridi. Yaonekana pia mawe yaliyotoka kilomita 6 chini ya sakafu ya bahari. Mwaka 1997 kisiwa hiki kiliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Juu ya mawe hayo huota nyasi ndefu, na pwani hujaa sili na pengwini. Iko aina moja ya pengwini, wenye shungi la manjano, ambao karibu wote huzaliana hapo tu.

Mwaka 1810 wawindaji wa sili walikiona kisiwa hicho. Kwa muda wa miaka michache tu wakawamaliza sili wenye manyoya mazuri. Baadaye wakawachemsha sili wakubwa, na hata pengwini, ili kupata mafuta. Tena waliacha wageni wabaya: paka, panya, na sungura walioletwa kuwa chakula.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa vigumu kutengeneza yaliyoharibiwa. Mwaka 1978 uliletwa ugonjwa wa kuwaua sungura, nao wakapungua sana. Lakini paka, waliokuwa wakila sungura, wakazidi kuwala ndege. Paka nao wakawindwa, na wa mwisho aliuawa mwaka 2000. Sungura, wakiwa hawana tena adui huyo, na ugonjwa umepungua nguvu, wakaongezeka kupita 100,000, wakala nyasi mpaka mlima ukabaki mtupu. Kila mkulima wa mlimani ajua kwamba udongo usioshikwa na mizizi hauna wa kuuzuia. Mwezi wa Septemba 2006, baada ya mvua kubwa, mteremko uliporomoka katika ghuba ya Lusitania, ukawafunika pengwini wengi.

Hapo ikaeleweka kwamba kuondoa adui mmoja na kumwacha mwingine hakutoshi. Serikali za Australia na Tasmania zikatoa zaidi ya dola milioni 20, ili sungura na panya wa kila namna waondolewe pamoja. Jaribio la mwaka 2010 lilizuiwa na hali mbaya ya hewa. Mwaka 2011 helikopta zikamwaga sumu kisiwa kizima. Kisha watu wakatembea kwa miguu, pamoja na mbwa waliofundishwa, kutafuta sungura wachache waliosalia. Hata baada ya kuona wa mwisho, walizidi kutafuta zaidi ya miaka miwili. Mwezi wa Aprili 2014 ikatangazwa kwamba kazi imekwisha, na nyasi zimerudi juu ya miteremko.

Wapendwa, mikono ya watu iliharibu upesi kile kilichoinuliwa polepole. Lakini mikono ya watu pia ilitengeneza, ilipokubali kufanya kazi yote, bila kuacha sehemu. Sisi tuliowekwa kuwa mawakili wa dunia tusiyoiumba, yatupasa kuuliza kabla ya kuleta kitu kipya shambani au mtoni: kitakula nini, na nani atakizuia? Na palipokwisha kuharibika, tusitosheke kukata tawi moja, huku shina tumeliacha.