Kuchagua Nguruwe wa Kufukua Shamba Lililoachwa

Shamba lililokaa misimu mitatu au minne bila jembe hujifunga. Ndago na sangari huukamata udongo, na gharama ya vibarua wa kulifungua huweza kuyala mavuno yote ya mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima, hasa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ambako nguruwe wamezoeleka, huwanunua wachache ili wafanye kazi hiyo kabla ya mvua. Nguruwe hufukua kwa silika. Huichimba ardhi kwa pua akitafuta mizizi, mabuu na vile viazi vidogo vya ndago ambavyo jembe huvikata na kuvisambaza, naye huacha samadi alikopita. Shida ya mnunuzi ni kwamba soko letu limepangwa kwa ajili ya nyama, na mnyama anayesifiwa zaidi na muuzaji mara nyingi siye anayefaa kazi hii.

Large White na Landrace hukua upesi na huzaa watoto wengi, na kwa banda ni chaguo jema. Shambani, ngozi yao nyeupe huungua kwa jua, nao wakikosa kivuli na dimbwi la tope hulala mchana kutwa, kwa kuwa nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho. Jike la Large White aliyekomaa huweza kupita kilo 200, na uzito huo juu ya udongo uliolowa hushindilia ardhi badala ya kuilegeza. Duroc mwekundu, na Saddleback mweusi mwenye mkanda mweupe mabegani, hustahimili jua vizuri zaidi. Kwa maoni yetu, hata hivyo, mwenye shamba dogo asimpuuze nguruwe wa kienyeji: mweusi au wa mabaka, mwepesi, mwenye pua ndefu iliyonyooka. Pua hiyo ndiyo chombo cha kazi. Huko Uingereza nguruwe aitwaye Tamworth anasifiwa kwa kufukua kwa sababu iyo hiyo, ilhali Kunekune wa New Zealand, mwenye pua fupi iliyopinda juu, hula majani zaidi kuliko kuchimba. Kinachokufaa zaidi huenda kikawa chotara wa kienyeji na Duroc au Saddleback, kwani hufanya kazi na bado hulipa anapouzwa.

Usinunue jina. Rangi nyekundu haithibitishi Duroc, na weupe huficha mengi zaidi: rangi nyeupe ya Large White hutawala katika uzazi, hivyo mtoto mweupe kabisa anaweza kuwa na mama wa kienyeji. Omba kuonyeshwa mama, na baba akiwapo. Mtazame mnyama akiwa nje, juu ya udongo, kwa muda wa kutosha. Aliyezaliwa na kukulia juu ya sakafu ya saruji huchelewa kujifunza. Shika pua uikague: mwenye pete, au kovu la pete, amezuiwa kufukua kwa makusudi, kwa maana pete huwekwa kwa ajili hiyo. Chukua wawili au zaidi, kwani mmoja peke yake huhangaika na kutoroka. Wenye umri wa miezi mitatu hadi mitano hufaa zaidi kuliko majike makubwa.

Wapo wauzaji wasemao kwamba nguruwe wa kienyeji haugui. Maneno hayo yamewagharimu watu mifugo yao yote. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huua karibu kila nguruwe wa kufugwa inayempata, wa kienyeji na wa kigeni, na haina tiba. Ngiri huibeba bila kuugua, nao papasi wakaao katika mashimo yake huieneza. Kwa hiyo shamba linalopakana na pori ndilo lenye hatari kubwa, nalo ndilo hasa watu hutaka kulifungua. Usilishe mabaki yenye nyama ya nguruwe. Usinunue mnyama mahali palipowekwa karantini, hata bei ikishuka namna gani, na dai kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo kabla hujatoa fedha.

Uzio basi ni sehemu ya bei ya nguruwe. Asiye na fedha za uzio bado hana fedha za nguruwe. Nyaya mbili za umeme, moja kiasi cha sentimita 20 kutoka ardhini na nyingine sentimita 45, huwazuia waliokwisha kuzoezwa, lakini karibu na pori ongeza uzio wa pili kwa nje ili ngiri na nguruwe pori wasiwakaribie. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu na kupata malengelenge ya tegu katika nyama. Mtu aliye na tegu naye hutoa mayai ambayo, yakimezwa, huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Choo kinachotumiwa na watu wote wa shambani ni cha lazima kama uzio.

Vichaka vikate kwanza, kwa sababu nguruwe hang'oi miti. Kwenye kisiki, toboa matundu kukizunguka na utie punje za mahindi, naye atachimba mpaka mizizi ionekane. Ondoa mbarika, kwa kuwa mbegu zake zina sumu. Walishe pumba kila siku, kwani magugu peke yake hayawatoshi, ila chakula kikuu kiwe jioni, baada ya kazi. Wahamishe mara udongo unapokuwa umepinduliwa, na mahali penye mteremko mkali usiwaweke kabisa, kwani mvua ya kwanza itauchukua udongo wote walioulegeza.